Sura ya Nne: Kukiacha Kinachokulisha

Mwaka 1967, katika hoteli ya Aladdin mjini Las Vegas, kijana wa miaka 26 alipanda jukwaani, akashika maikrofoni, akautazama ukumbi uliojaa watu, akakosa la kusema. Si kwamba alisahau. Utani wake aliujua kama mtoto wa chuoni anavyoijua Alhamdu, na kwa miaka mitatu ulikuwa umewachekesha Wamarekani kwenye televisheni. Lakini kwenye meza za mbele, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Dean Martin, mwimbaji na mwigizaji mashuhuri, amemkazia macho akisubiri kuchekeshwa. Richard Pryor akajitazama kwa macho ya yule bwana, asimtambue mtu anayemwona. Akauliza kwenye maikrofoni, kwa neno chafu, anafanya nini pale. Kisha akashuka, akaenda zake.

Ukiitazama kazi ya mchekeshaji kwa nje, utaiona kama ngazi. Unaanza na dakika tano mbele ya watu kumi, wanane kati yao wakiwa wachekeshaji wenzako wanaosubiri zamu. Unapata dakika kumi na tano, halafu ishirini. Unaitwa redioni, unaitwa kwenye televisheni, unajaza ukumbi, unapewa filamu. Pryor alikuwa amefika vizuri kwenye ngazi hiyo usiku ule wa Las Vegas. Alikuwa na suti, na hoteli ilikuwa inamlipa. Akaishuka.

Nimeichagua njia yake kwa sura hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo vijana wengi wa kazi hii hawaambiwi mapema: kile kinachokupa ugali wa kwanza ndicho utakachotakiwa kukiacha. Pryor aliachana na kilichomlisha mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Las Vegas. Mara ya pili ilikuwa Nairobi. Ya tatu haikuwa kwa hiari yake.

Mtoto wa Peoria

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, akalelewa na bibi yake mzaa baba, Marie, mwanamke imara aliyeendesha danguro. Mama yake alifanya kazi humo humo, akaondoka mtoto akiwa na miaka kumi hivi. Ni nyumba ambayo mtoto hujifunza kusoma nyuso kabla hajajua kusoma herufi, kwa sababu usalama wake unategemea kujua nani amelewa, nani ana hasira, nani anadanganya. Mtaa wake ulikuwa na walevi, wacheza kamari, wahubiri na wazee waliokuja kutoka Kusini na hadithi zao. Wote aliwasikiliza.

Watu wawili walimpa jukwaa akiwa bado mdogo. Mwalimu mmoja wa shule alifanya naye mapatano: akiwahi shuleni, atapewa muda kila wiki wa kusimama mbele ya darasa na kuwachekesha wenzake. Mwingine ni Juliette Whittaker, aliyeongoza michezo ya kuigiza katika kituo cha jamii cha Carver, akamwingiza kwenye tamthilia. Shule yenyewe ilimfukuza akiwa na miaka 14. Akafanya vibarua, akaingia jeshini, na huko sehemu kubwa ya muda wake aliimaliza kizuizini baada ya ugomvi na askari mwenzake. Aliporudi Peoria alianza kuchekesha kwenye vilabu vya mtaani, kisha kwenye vilabu vya watu weusi katika miji mingine.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1974, alishinda tuzo ya Emmy kwa kuandika kipindi cha mchekeshaji Lily Tomlin. Tuzo hiyo alimpa Bi Whittaker. Alijua nani alimsimamisha kwanza.

Sauti ya kuazima

Mchekeshaji huhesabu mali yake kwa dakika. Mwimbaji mwenye wimbo mmoja mzuri anaweza kuuimba miaka ishirini, na watu watalia wakisikia mwanzo wake tu. Mchekeshaji hana bahati hiyo. Mzaha ukishasikika umekwisha nusu, na mara ya tatu umekufa. Kwa hiyo anayeanza hutafuta dakika zake popote anapoziona zinafanya kazi kwa wengine.

Pryor alihamia New York mwaka 1963. Vijana wa sanaa walikuwa Greenwich Village, kwenye vilabu vidogo kama Café Wha?, ambako baadhi ya wasanii waliishi kwa kofia iliyopitishwa kwa wateja. Aliyekuwa anapanda kwa kasi wakati huo alikuwa Bill Cosby: mchekeshaji mweusi, hadithi safi za utotoni, hakuna matusi, hakuna habari za rangi. Watu weupe walimpenda, na televisheni ilimfungulia mlango. Pryor alimtazama, akaamua kuwa yeye. Hakuwahi kulificha jambo hilo. Agosti 1964 alionekana kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata akaingia kwenye kipindi cha Ed Sullivan, kilichotazamwa na mamilioni ya watu kila Jumapili. Alipendwa. Lakini ili aingie ndani, ilibidi bibi yake, yule mlevi wa pembeni na yule mhubiri wabaki nje ya mlango.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hali hii kwa sura nyingine. Kijana anayepanda jukwaani kwa mara ya kwanza Nairobi huwa ana silaha moja mkononi: lafudhi. Atamwigiza Mkamba akiomba mkopo, Mjaluo akijisifu, Mkisii akikasirika, Mmeru akijibu polisi. Ukumbi utacheka kabla hata hajafika mwisho wa sentensi, kwa sababu lafudhi peke yake imeshafanya kazi. Hakuna aibu katika kuanza hivyo. Kuiga ndiyo shule ya kwanza ya sanaa hii, na wapo walioifikisha mbali sana. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini kwa Mzee Ojwang' wa Vitimbi na Vioja Mahakamani aliivaa lafudhi ya Kijaluo kwa upendo na uangalifu mkubwa, hata watazamaji wengi wakaamini ni Mjaluo wa kuzaliwa, mpaka alipofariki mwaka 2015. Vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliunda Redykyulass, wakamwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu, wakati ambapo kumwigiza rais kulihitaji moyo mgumu. Kuiga kwao kulibeba kitu: mzee wa watu, au hofu ya nchi nzima ikitolewa kwenye kivuli na kuwekwa juani.

Shida huanza lafudhi inapokuwa haijabeba kitu. Kijana anapata vicheko mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, na mwaka wa tatu bado ni Mkamba yule yule na mkopo ule ule. Hajui tena kama watu wanamcheka yeye, Mkamba, au mazoea yao wenyewe. Sauti ya kuazima haina kosa mpaka mwenyewe anaposahau kuirudisha. Pryor alikumbuka mbele ya Dean Martin.

Kurudi nyumbani kwa njia ndefu

Hadithi za mafanikio hupenda kusema kwamba siku ile aliposhuka jukwaani alizaliwa upya. Haikuwa hivyo, na mchekeshaji kijana anahitaji kuujua ukweli huu kuliko mwingine wowote: kati ya kuiacha sauti ya mwenzako na kuipata yako kuna miaka mitupu. Pryor aliendelea kufanya kazi, akatoa santuri ya kwanza mwaka 1968, huku lugha yake mpya ikitoka kwa vipande. Mwaka 1971 alijitenga huko Berkeley, California. Alisoma hotuba za Malcolm X. Alisikiliza bila kuchoka santuri mpya ya Marvin Gaye, What's Going On. Akaishi karibu na waandishi weusi kama Ishmael Reed na Cecil Brown, watu ambao hawakuomba ruhusa ya kuandika walivyosema kwao. Na usiku alipanda kwenye vilabu vidogo kujaribu mambo ambayo hayangekubaliwa na hoteli yoyote ya Las Vegas.

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Pryor aliporudi, alirudi na Peoria yote. Kwenye santuri ya mwaka 1974 walikuwepo mlevi wa pembeni na kijana aliyeharibiwa na heroini, wamesimama barabarani wanazungumza. Mwaka 1975 akaja Mudbone, mzee kutoka Tupelo, Mississippi, mwenye hadithi zisizo na haraka. Santuri zake za 1974, 1975 na 1976 zilishinda Grammy tatu mfululizo. Mtu aliyeficha kwao ili apendwe alipata sifa kubwa zaidi alipopafungulia mlango.

Tazama tofauti yake na kuiga kwa mwanzo. Anapokuwa yule mlevi, Pryor hasimami kando akimwonyesha kidole. Anaingia ndani yake. Mlevi anayumba, lakini anamwelekeza dereva njia kwa heshima ya ofisa wa serikali. Kijana wa heroini anasinzia, halafu katikati ya usingizi anasema jambo moja kuhusu baba yake na ukumbi unanyamaza. Unacheka, na ukiwa bado unacheka unagundua kwamba umekwisha kumpenda mtu ambaye jana ulimkwepa barabarani. Hapo ndipo uchekeshaji wa jukwaani unapofikia uwezo wake wote, na hakuna mashine wala hila ya mwanga iliyosaidia. Kuna mtu mmoja, maikrofoni, na watu aliowasikiliza vizuri utotoni.

Karakana

Umaarufu haukumwondolea kazi ya mikono. Tangu mwaka 1972 kulikuwa na klabu kwenye barabara ya Sunset mjini Los Angeles, The Comedy Store, ambayo kwa wachekeshaji ilikuwa kama karakana kwa fundi. Pryor alipotaka onyesho jipya, alirudi humo usiku baada ya usiku. Usiku wa kwanza anakuwa hana karibu kitu. Anaongea, anapapasa, jambo moja linashika. Kesho yake jambo hilo linaongezeka mkono, keshokutwa mguu. Baada ya wiki kadhaa kuna saa nzima inayotembea yenyewe. Hivyo ndivyo maonyesho makubwa yalivyojengwa, likiwemo lile lililorekodiwa Long Beach mwishoni mwa 1978 na kutolewa kama filamu mwaka 1979, Richard Pryor: Live in Concert, ambalo wachekeshaji wengi hadi leo wanalihesabu kuwa bora kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa. Humo moyo wake unamshika na kumwangusha, naye anaigiza mtu na moyo wake kwa pamoja: mmoja anaomba, mwingine anaamuru. Mshtuko wa moyo alikuwa ameupata kweli, mwaka 1977.

Karakana ilikuwa na upande wake mchungu. Wachekeshaji wa The Comedy Store hawakulipwa. Mwenye klabu, Mitzi Shore, aliiona kuwa shule, na mwanafunzi halipwi. Wao waliona meza zimejaa na vinywaji vinauzwa kwa ajili ya vichekesho vyao. Mwaka 1979 waligoma, wakabeba mabango barabarani, na baada ya wiki kadhaa wakakubaliwa dola 25 kwa kila zamu ya jukwaani. Ni pesa ndogo, lakini ilimaanisha kwamba kuchekesha ni kazi.

Kwetu swali hilo bado lina uhai. Mchekeshaji wa Dar es Salaam au Nairobi mara nyingi haishi kwa vichekesho. Anaishi kwa ushereheshaji wa harusi, kwa uzinduzi wa bidhaa, kwa redio ya asubuhi, kwa matangazo ya mitandaoni. Kazi hizo ni halali na zimesomesha watoto. Zinahitaji, hata hivyo, mtu asiyemkera yeyote, na mwenye harusi hajakulipa ili umwambie ukweli. Televisheni nayo ina njaa isiyoshiba. Kipindi cha Churchill, ambacho Daniel Ndambuki alikikuza kwenye NTV ya Kenya, kiliwatoa vijana wengi gizani, akiwemo Eric Omondi, na deni hilo ni la nchi nzima. Lakini dakika saba ulizozisugua miezi sita zikishaonyeshwa usiku mmoja, zimekwenda. Wiki ijayo unadaiwa saba nyingine, na huna pa kuzisugulia. Ndiyo maana jukwaa dogo la wiki, lile la viti vya plastiki na watu ishirini, ni hazina. Yeyote anayewapa vijana ukumbi wa namna hiyo, hata kwenye mkahawa wenye kelele za jikoni, anafanya kazi ya Bi Whittaker wa Peoria.

Hoteli ya Nairobi

Mwaka huo huo wa 1979, katika kilele cha sifa zake, Pryor alisafiri kwenda Kenya.

Lazima tuzungumze juu ya neno moja. Ni lile tusi ambalo Wamarekani weupe waliwaitia watu weusi tangu enzi za utumwa. Kiswahili hakina neno lake, na sitalitafsiri. Pryor alikuwa amelichukua tusi hilo na kulifanya chombo chake. Liliingia kwenye majina ya santuri zake mbili. Alilitamka mamia ya mara, kwa mapenzi, kwa hasira, kwa masikitiko, akiamini kwamba ukilisema sana litaishiwa sumu. Watazamaji walimjua kwalo. Kwa lugha ya biashara ya leo, lilikuwa nembo yake.

Akiwa ameketi kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli Nairobi, aliinua macho akatazama watu. Mwenyewe alilisimulia jambo hili jukwaani, kwenye filamu ya mwaka 1982 iitwayo Live on the Sunset Strip. Aliona watu weusi wa kila aina wakifanya kila kazi. Sauti ndani yake ikamuuliza anaona nini, akajibu. Ikamuuliza kama anamwona hata mmoja anayestahili kuitwa kwa tusi lile. Akatafuta, hakumwona. Akagundua kwamba alikuwa Kenya wiki tatu na hakuwa amelitamka hata mara moja. Alipolisimulia hilo, alitangaza kwamba hatamwita tena mtu mweusi kwa jina lile, na kwamba alikuwa amekosea kulitumia.

Nikifikiri juu ya hoteli ile, nawafikiria zaidi watu waliokuwa wakipita mbele yake. Karani wa mapokezi, mfanyabiashara aliyechelewa mkutano, mama na watoto wake, dereva anayesubiri mgeni. Hakuna aliyejua kwamba anafundisha. Walikuwa wakiishi Jumanne yao au Alhamisi yao, na kwa kuishi tu walimwondolea mchekeshaji mkubwa wa Marekani chombo alichokitegemea kuliko vyote.

Uzito wa uamuzi ule unaonekana ukiutazama kwa macho ya kazi. Mwaka 1967 aliacha sauti ya mtu mwingine. Safari hii aliacha sehemu ya sauti yake mwenyewe, ile aliyoitafuta kwa miaka mitupu na iliyomletea tuzo tatu. Wapo mashabiki waliokasirika, wakaona amelainika. Sioni ulaini ndani yake. Ni rahisi kuacha kilichoshindwa. Kuacha kinachowachekesha watu kila usiku, kwa sababu tu umegundua si kweli, kunahitaji mtu anayeiheshimu kazi yake kuliko makofi yake.

Mtani msibani

Miezi kadhaa baadaye, tarehe 9 Juni 1980, alikaribia kufa kwa moto nyumbani kwake. Kokeini ilikuwa imemtawala. Kitabu chake cha mwaka 1995 kinakiri kwamba alijimwagia pombe kali na kujiwasha. Alipona baada ya wiki nyingi za maumivu hospitalini, kisha akapanda jukwaani kusimulia. Akaigiza bomba la kokeini likimbembeleza kama rafiki, likimwambia asiende kazini, asipokee simu, wabaki wawili tu. Mwishoni akawasha kiberiti, akakipitisha taratibu hewani, akawaambia watazamaji hivyo ndivyo wanavyomtania: huyo ni Richard Pryor anakimbia barabarani.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wasemavyo wazee wakituonya. Lakini jipu lililoiva halina budi kutumbuliwa, na sisi tunaye mwenye ruhusa ya kulitumbua. Msukuma akifiwa, mtani wake Mzaramo huja msibani akamwigiza marehemu, akadai ada, akawafanya wafiwa wacheke na machozi bado yako mashavuni, wala hakuna anayemkasirikia. Mtani haruhusiwi kwa sababu hajali. Anaruhusiwa kwa sababu msiba ni wake pia, na kesho ukiwa kwake nawe utakuja. Pryor alikuwa mtani wa namna hiyo, ila msiba alioutania ulikuwa wa kwake mwenyewe, na ruhusa aliilipia kwa ngozi yake.

Mwaka 1986 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao multiple sclerosis, unaoharibu taratibu mawasiliano kati ya ubongo na mwili. Mwili ndio uliokuwa nusu ya ufundi wake. Alikuwa ameigiza swala akishtuka kichakani, mbwa, nyani, mtoto anayedanganya, moyo unaopasuka, na vyote alivifanya kwa mabega, shingo na magoti. Ugonjwa ukavichukua kimoja kimoja. Kuacha huku kwa tatu hakukumwomba ushauri.

Heshima zilikuja. Mwaka 1998 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Mark Twain ya Kennedy Center, iliyoanzishwa kuwaenzi wachekeshaji wa Marekani. Alifariki tarehe 10 Desemba 2005, siku tisa baada ya kutimiza miaka 65.

Lakini picha ninayoitunza ni ya miaka ya mwanzo ya 1990, aliporudi kuchekesha akiwa mgonjwa. Alisaidiwa kufika jukwaani, akawekwa kwenye kiti. Watazamaji walikuwa wamesimama wanapiga makofi, wengine wanalia. Akangoja wanyamaze, akaanza kuwasimulia ugonjwa wake: miguu isiyotii, kibofu kisichosubiri, siku ambazo mkono unakwenda unakotaka wenyewe. Hakuwa na suti ya Las Vegas, wala sauti ya Cosby, wala lile neno, wala magoti yake. Alikuwa na maikrofoni, na alikuwa na la kusema.